Kerneli Inapochelewa Kutafsiri Anwani: Dalili, Chanzo na Tiba

Mtu akiniambia "tafsiri ya anwani ndiyo inayotuchelewesha", swali langu la kwanza huwa: tafsiri ipi? Kwenye Linux ya x86-64 kuna kazi mbili zinazobeba jina hilo moja. Ya kwanza hufanywa na prosesa yenyewe kila inapogusa kumbukumbu: inachukua anwani pepe, inaitafuta kwenye TLB, ile kache ndogo inayokumbuka tafsiri za karibuni, na ikiikosa inashuka ngazi za jedwali la kurasa (vipande ambavyo kumbukumbu imegawanywa, kwa kawaida vya KB 4) hadi ipate anwani halisi. Ya pili ni hesabu ya kerneli (moyo wa mfumo endeshi), `virt_to_phys` na ndugu zake, inayoitwa pale diraiva inapotaka kujua kielekezi ilicho nacho kinaangukia wapi kwenye RAM. Ya kwanza ikienda vibaya inakula muda. Ya pili ikienda vibaya, mara nyingi haikucheleweshi hata kidogo, inakuharibia data.

Nimeona watu wakiandika upya hesabu ya pili kwa asembli ilhali ugonjwa wao ulikuwa wa kwanza. Kwa hiyo kabla ya kugusa msimbo, pima kwa `perf`, chombo cha Linux cha kupimia utendaji (PID ni namba ya mchakato):

```
perf stat -e cycles,instructions,dTLB-loads,dTLB-load-misses,iTLB-load-misses -p PID sleep 10
perf list | grep -i walk
```

Amri ya pili inakuonyesha majina ya vihesabio vya matembezi (kule kushuka ngazi za jedwali) kwenye prosesa yako, maana hubadilika kizazi hadi kizazi. Kwenye Intel nyingi utakuta `dtlb_load_misses.walk_active`. Igawanye kwa `cycles`, na utapata sehemu ya muda ambamo prosesa ilikuwa inatembea kwenye majedwali. Namba hiyo ni dari, kwa sababu prosesa hufanya kazi nyingine wakati matembezi yakiendelea. Mimi chini ya asilimia 5 sihangaiki. Ikivuka 10 naanza kukunja mikono ya shati. Idadi tupu ya kukosa TLB, bila kuilinganisha na muda, haikuambii kitu.

Programu inatambaa, CPU iko asilimia 100, na hakuna funksheni inayojitokeza kuwa mkosaji

Hii ndiyo dalili ya kawaida zaidi, na humkuta mwenye data kubwa inayoguswa ovyo ovyo: jedwali la heshi la GB nyingi, grafu, faharasa ya hifadhidata. Ukitazama `perf record`, muda umetapakaa kwenye mistari ya kawaida kabisa inayosoma kielekezi.

Chanzo ni hesabu ndogo. Chukua prosesa za Intel za familia ya Skylake: TLB ya ngazi ya pili ina nafasi 1,536. Kila nafasi ikishika ukurasa wa KB 4, TLB yote inafunika MB 6 tu. Data yako ikiwa GB 64 na unairukia bila mpangilio, karibu kila mruko unakosa. Hapo matembezi yanaanza: anwani ya biti 48 inakatwa vipande vinne vya biti 9 na mabaki ya biti 12. Kila kipande kinachagua kiingilio kimoja kati ya 512, na biti 12 za mwisho ni nafasi ndani ya ukurasa. Ngazi za juu kwa kawaida ziko kwenye kache maalum za prosesa, hivyo hazigharimu sana. Shida iko ngazi ya chini. Viingilio vya ngazi hiyo kwa GB 64 vinachukua MB 128 (baiti 8 kwa kila KB 4), na havienei kwenye kache nyingi za L3. Maana yake, kusoma neno moja unakwenda RAM mara mbili: mara ya kwanza kuuliza data iko wapi, mara ya pili kuichukua.

Tiba ni kurasa kubwa. Kwa ukurasa wa MB 2 matembezi yanapungua ngazi moja, nafasi zile zile 1,536 zinafunika GB 3, na viingilio vya GB 64 vinashuka kutoka MB 128 hadi KB 256. Hicho cha mwisho ndicho watu wanachokisahau, na mara nyingi ndicho kinacholeta nafuu kubwa zaidi: hata ukikosa TLB, kiingilio unakikuta kwenye kache.

Angalia kwanza `/sys/kernel/mm/transparent_hugepage/enabled`. Ikisema `madvise`, kerneli haitoi kurasa kubwa mpaka programu iombe kwa `madvise(MADV_HUGEPAGE)`. Huna msimbo wa programu? Kuanzia glibc 2.35 unaweza kuiombea kutoka nje:

```
GLIBC_TUNABLES=glibc.malloc.hugetlb=1 ./programu
```

Kisha usiamini, hakikisha. Soma `AnonHugePages` kwenye `/proc/PID/smaps_rollup`.

Kurasa kubwa zimewashwa, lakini AnonHugePages inabaki karibu na sifuri

Sababu ni tatu hivi. Ya kwanza ni eneo lenyewe: ukurasa mkubwa unahitaji kipande cha MB 2 kilichoanzia kwenye mpaka wa MB 2. Programu inayoomba vipande vya KB 512 kwa `mmap` mojamoja, huku na huko, haitapata hata kimoja.

Ya pili ni RAM iliyomegeka. Fungua `/proc/buddyinfo` uhesabu safu kuanzia sifuri: safu ya 9 ndiyo vipande vya MB 2. Ikiwa sifuri au karibu yake wakati safu za mwanzo zimejaa, kumbukumbu ipo ila imekuwa chenga. Kwenye `/proc/vmstat` utaona `thp_fault_fallback` inapanda kuliko `thp_fault_alloc`, na `compact_stall` ikipanda pamoja nazo maana yake programu zako zinasimama kusubiri kerneli ipange RAM. Kwa huduma inayojali muda wa majibu, hapo dawa imegeuka sumu. Tenga kurasa mapema wakati mashine inawaka, RAM ikiwa bado nzima:

```
default_hugepagesz=1G hugepagesz=1G hugepages=8
```

Hizo zinatumika kupitia hugetlbfs (mfumo wa faili wa kurasa kubwa) au `MAP_HUGETLB` (alama ya `mmap`), na hakuna mwingine atakayezigusa, hata zikikaa bure. Ndiyo gharama yake.

Ya tatu ni kwamba kurasa zilitolewa kisha zikavunjwa. `thp_split_page` inapanda? Mtu anarejesha vipande vidogo vidogo kwa `MADV_DONTNEED`, na mara nyingi mtu huyo ni maktaba ya kugawa kumbukumbu.

Ukiongeza nyuzi, kasi inashuka, na muda wa kerneli unapanda

Tazama mstari wa TLB kwenye `/proc/interrupts`, mara mbili, ukipisha sekunde moja:

```
grep TLB /proc/interrupts; sleep 1; grep TLB /proc/interrupts
```

Zikipanda kwa maelfu mengi kila kiini, umepata ugonjwa wako. Kwenye prosesa nyingi za x86 kiini kimoja hakiwezi kufuta TLB ya kingine. Uzi mmoja ukiita `munmap`, kerneli inalazimika kutuma katizo kwa kila kiini kinachoendesha nyuzi za mchakato huo, kila kimoja kiache kazi, kifute, kijibu. Aliyetuma anasubiri jibu la mwisho. Kiini kimoja kikiwa kimezima makatizo kwa muda, wote wanamsubiri yeye. (ARM64 ina maagizo ya kutangaza ufutaji kwa viini vyote bila katizo, ndiyo maana programu ile ile inaweza kuonekana na afya huko na mgonjwa hapa.)

Nani anaita? Usipige ramli, uliza:

```
perf record -e tlb:tlb_flush -g -a sleep 5
perf report
```

Safu ya miito inakuonyesha mlango uliopitiwa. Wa kwanza kwa wingi ni `free()`. Malloc ya glibc hutimiza maombi makubwa kwa `mmap`, na kuyaachilia ni `munmap`, yaani ufutaji. Kizingiti huanzia KB 128 na hujipandisha chenyewe hadi MB 32 kadiri unavyoachilia, kwa hiyo bafa za zaidi ya MB 32 zitapita njia hiyo siku zote. Zitumie tena badala ya kuziachilia. Kwa bafa zilizo chini ya hapo, pandisha `MALLOC_MMAP_THRESHOLD_` na `MALLOC_TRIM_THRESHOLD_`.

Mwingine ni kusawazisha NUMA (mashine ambazo kila kundi la viini lina RAM yake ya karibu). Kerneli huondoa ruhusa za kurasa kwa makusudi ili ione nani anazigusa kutoka wapi, na kila kuondoa ruhusa ni ufutaji. Niliwahi kupoteza siku mbili nikibadilisha `tlb_single_page_flush_ceiling` huku na huko. Hicho ni kizingiti kilichoko `/sys/kernel/debug/x86/`, thamani yake ya kawaida ni 33: kurasa zikizidi hapo kerneli inafuta TLB yote badala ya ukurasa mmoja mmoja. Hakuna kilichobadilika. Siku ya tatu nikaandika sifuri kwenye `/proc/sys/kernel/numa_balancing` na makatizo yakatulia ndani ya sekunde chache. Programu ile ilikuwa tayari imefunga nyuzi zake kwenye viini maalum, hivyo usawazishaji haukuwa na cha kuisaidia. Kile kizingiti cha 33 nakishauri ukiache. Sijakutana na mashine ambayo kilikuwa ndicho tatizo.

RAM inapungua na hakuna mchakato unaokiri

Jumlisha kumbukumbu za michakato yote, bado haifiki. Soma `PageTables` kwenye `/proc/meminfo`, na `VmPTE` kwenye `/proc/PID/status`.

Hifadhidata yenye GB 64 za kumbukumbu ya pamoja na michakato 400 ya wateja ni mfano mzuri. Data ni ya pamoja, lakini kila mchakato una jedwali lake. MB 128 mara 400 ni GB 50 za majedwali tu, mara wateja wote wakishagusa eneo lote. Weka kumbukumbu hiyo ya pamoja kwenye kurasa kubwa na inashuka hadi MB 100. Sijui tiba nyingine ya kerneli yenye uwiano kama huo kati ya jasho na faida.

Kila mwito wa mfumo umekuwa mzito, hasa ndani ya mashine pepe

Tangu Meltdown, dosari ya usalama ya prosesa, ilipotangazwa Januari 2018, kerneli kwenye prosesa zilizoathirika hubadilisha jedwali la kurasa kila inapoingia na kutoka. Bila PCID, kila badiliko linafuta TLB. Ikiwepo PCID, viingilio vinapewa lebo na vinabaki. Angalia vitu viwili:

```
cat /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/meltdown
grep -o -w pcid /proc/cpuinfo | head -1
```

Jibu la kwanza likiwa `Mitigation: PTI` na la pili likiwa tupu, ndipo penye shida. Karibu prosesa zote za Intel za seva tangu 2010 zina PCID, hivyo ikikosekana, aliyeificha ni mfumo unaoendesha mashine pepe kwa kuchagua aina ya CPU ya zamani. Badilisha aina hiyo. Usizime kinga ili kurudisha kasi kwenye mashine inayoendesha msimbo wa watu usiowajua.

Mashine pepe zina mzigo wa ziada: kila ngazi ya jedwali la mgeni (mashine pepe) ina anwani ambayo nayo lazima itafsiriwe na jedwali la mwenyeji (mashine inayoibeba). Ngazi nne juu ya nne zinaweza kufikia kusoma kumbukumbu mara 24 badala ya 4. Kwa hiyo weka kurasa kubwa pande zote mbili. Mgeni akiwa nazo na mwenyeji hana, TLB inashika kipande kidogo kati ya viwili.

Kerneli yenyewe imezorota taratibu tangu iwashwe

Linganisha `DirectMap4k`, `DirectMap2M` na `DirectMap1G` kwenye `/proc/meminfo` za leo na za siku mashine ilipowaka. Kerneli huiona RAM yote kupitia ramani moja kubwa iliyojengwa kwa kurasa kubwa, ila kila ruhusa ya kipande kidogo inapobadilishwa (moduli imepakiwa, programu ya BPF, ile ndogo inayoendeshwa ndani ya kerneli, imekusanywa) ukurasa mkubwa unavunjwa. Tangu 5.13 mivunjiko inahesabiwa kwenye `/proc/vmstat` kama `direct_map_level2_splits` na `direct_map_level3_splits`. Tangu 5.18 programu za BPF hupangwa pamoja badala ya kila moja kupewa kurasa zake, hivyo kupandisha toleo kunasaidia. Kwa mizigo mingi, hata hivyo, athari ni ndogo. Ikiwa `DirectMap4k` ndiyo karibu RAM yote tangu mwanzo, angalia kama `debug_pagealloc` imesahaulika ikiwa imewashwa.

Kifaa kinaandika mahali pasipo pake, au DMA inakataliwa

Sasa tumefika kwenye tafsiri ya pili, ile ya hesabu, inayohitajika kifaa kinapotumia DMA, yaani kinaposoma na kuandika RAM chenyewe bila kupitia prosesa. Kerneli ina maeneo mawili ambayo hesabu hiyo inayajua: ramani ya moja kwa moja, inayoanzia `0xffff888000000000` kama anwani hazijachanganywa wakati wa kuwaka, na msimbo wa kerneli wenyewe unaoanzia `0xffffffff80000000`. Hesabu nzima ni hii (`x` ni anwani pepe, `pa` ni anwani halisi, na `phys_base` hutegemea mahali kerneli ilipopakiwa kwenye RAM):

```
y  = x - 0xffffffff80000000
pa = y + (x > y ? phys_base : 0x0000777f80000000)
```

Uzuri wake ni kwamba swali la "tuko eneo lipi" halihitaji ulinganisho wa peke yake. Kutoa kwenyewe kunawasha bendera ya kukopa ya prosesa pale `x` inapokuwa ndogo, na kompaila inaisoma bendera hiyo kuchagua nyongeza. Jaribu na `0xffff888012345678`: ukitoa, unakopa na kupata `0xffff888092345678`, ongeza `0x777f80000000`, biti za juu zinafurika na kupotea, inabaki `0x12345678`. Maagizo machache tu, na hayagusi jedwali lolote. Ndiyo maana ninasema kuiandika upya kwa asembli ni kupoteza wakati. Unachoweza kukosea ni kuiita nje ya maeneo yake.

Ipe kielekezi cha vmalloc (eneo ambamo kerneli huunganisha kurasa zilizotawanyika kwenye RAM), tuseme `0xffffc90000123e40`, uone. Hesabu haijui eneo hilo; inaendelea tu na kukurudishia `0x408000123e40`. Hiyo ni anwani halisi iliyoko zaidi ya TB 64, kwenye mashine yenye GB 16. Ukiona anwani ya DMA inayoanza na `0x4080` kwenye mashine isiyochanganya anwani, huna haja ya kuendelea kutafuta: mtu ametafsiri kielekezi cha vmalloc.

Na mtu huyo mara nyingi hajawahi kuandika neno vmalloc. Tangu Linux 4.9, steki za kerneli kwenye x86-64 zinaweza kutoka vmalloc, na ndivyo zinavyojengwa kwenye matoleo mengi. Diraiva ya zamani yenye mstari kama `u8 buf[64];` ndani ya funksheni, kisha `dma_map_single` juu ya `buf`, ilifanya kazi miaka mingi kwa bahati. Kerneli za sasa huikamata na kuandika `rejecting DMA map of vmalloc memory`. Za kati hazikusema kitu. Tiba ni `kmalloc` badala ya steki. Kama kweli unahitaji kutafsiri vmalloc, `vmalloc_to_page` inashuka ngazi za jedwali kama prosesa inavyofanya, ukurasa mmoja kwa mwito, kwa sababu kurasa jirani za vmalloc si jirani kwenye RAM. Kwa majaribio jenga kerneli na `CONFIG_DEBUG_VIRTUAL`. Itasimama pale pale kosa linapotendeka.

Unaandika kerneli yako mwenyewe na inakufa ukiwasha kurasa

Kama mashine inajiwasha upya papo hapo, iendeshe kwenye QEMU na `-d int,cpu_reset`, usome CR2 (rejista inayoshika anwani iliyoleta kosa) na msimbo wa kosa la mwisho. Wanaoanza hukosea zaidi kwa kuweka anwani pepe ndani ya viingilio. Jedwali linataka anwani halisi tupu. Biti 3 ya msimbo wa kosa ikiwa imewaka, umegusa biti iliyohifadhiwa, na mkosaji wa kawaida ni biti ya kuzuia utekelezaji (ya 63) iliyowekwa kabla ya kuwasha NXE (ruhusa ya kuitumia) kwenye rejista ya EFER. Ukipata kosa la ulinzi wa jumla badala ya kosa la ukurasa, chunguza kama biti 48 hadi 63 za anwani zinafanana na biti 47.

Kama inawaka vizuri ila data inaharibika mara moja kwa siku kwenye viini vingi, kagua mpangilio wa kuachilia ukurasa. Futa kiingilio, futa TLB za viini vyote, ndipo urudishe ukurasa kwenye akiba. Ukiurudisha kabla ya kufuta TLB, kiini kingine bado kinaweza kuandika kwa tafsiri ya zamani ndani ya ukurasa ambao tayari una mwenyewe mpya. Linux hukusanya kurasa nyingi kwanza, inafuta TLB mara moja kwa zote, kisha inaziachilia kwa pamoja. Ukifuata mtindo huo unapata usahihi na kasi kwa msimbo ule ule.